Nyuki wakiugua Mikumi, nani anajua?

Ng'ombe akiugua Kilosa, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Ng'ombe anagoma kula, mate yanamtoka, anabaki nyuma ya wenzake, na kabla jua halijazama mwenye mali ameshampigia simu daktari wa mifugo. Sasa jiulize: nyuki wakiugua, nani anajua?

Mzinga uko juu ya mti, pengine mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, na mwenyewe anaufikia mara mbili tatu kwa mwaka. Siku ya kurina anafika anakuta kimya. Masega yamekuwa meusi, nondo wa nta wamejaa, nyuki hakuna. Anashuka na kusema neno moja tu: "Wamehama." Kesi imefungwa.

Ugumu ni kwamba mara nyingi neno hilo ni la kweli. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi kuhama. Njaa ikiwabana, siafu wakiwavamia, nyegere akiwabomolea au moto wa kiangazi ukipita chini ya mti, wanaacha kila kitu na kwenda zao. Lakini neno hilohilo linaweza kufunika ugonjwa, na ukifunikwa mara kumi katika vijiji kumi, utakuja kugundulika ukiwa umeshaota mizizi. Makala hii inamhusu mtu ambaye kazi yake ni kutolikubali neno "wamehama" kirahisi: mkaguzi wa nyuki wa serikali.

Mkaguzi huyu ni nani?

Tanzania tuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na miongoni mwa madhumuni yake ni kuzuia na kutokomeza magonjwa ya nyuki na wadudu wanaowashambulia. Kwa hiyo afya ya nyuki ni jambo la serikali kisheria. Haikuachwa iwe bahati ya mfugaji mmoja mmoja.

Nyuki wako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na misitu. Ndani yake kuna Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na kwenye halmashauri za wilaya kuna maafisa ufugaji nyuki. Huyu afisa nyuki ndiye mtu wa kwanza ambaye mfugaji wa Ruhembe au Ulaya anaweza kumwambia, "Mheshimiwa, njoo uone mzinga wangu."

Mpangilio huu una mantiki yake, maana nyuki wetu wengi ni wa msituni. Ila madaktari wa mifugo, ambao wamezoea vipimo vya bakteria na vimelea, wako wizara nyingine, ile ya Mifugo na Uvuvi. Kenya wamepanga tofauti: kule nyuki wanahesabiwa upande wa mifugo. Kwetu, sega lenye ugonjwa linaanzia kwenye meza moja na jibu lake la maabara linaweza kuhitaji meza nyingine. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Anatafuta nini ndani ya mzinga?

Watu wengi hudhani mkaguzi anaangalia nyuki wanaoruka. Anachosoma hasa ni majana, yaani watoto wa nyuki ndani ya vijumba vya sega. Jana lenye afya ni jeupe na linang'aa, limejikunja kama herufi C. Vijumba vilivyofunikwa vina vifuniko vikavu vilivyoinuka kidogo, na vimejipanga pamoja bila mapengo mengi. Ukiona sega limetobokatoboka, kijumba kizima hapa, kitupu pale, kilichozama pembeni, anza kuwa na wasiwasi.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote unaitwa uozo wa majana wa Kimarekani. Unaletwa na bakteria aitwaye *Paenibacillus larvae*. Jana linaambukizwa likiwa changa sana, linakufa baada ya kijumba kufunikwa, kisha linayeyuka na kuwa uji wa kahawia. Kipimo chake cha porini ni njiti ya kiberiti. Mkaguzi anachoma njiti kwenye kijumba chenye kifuniko kilichozama, anakoroga, anaivuta polepole. Uji ukivutika kama mlenda, uzi wa sentimeta mbili au zaidi bila kukatika, hapo kazi inabadilika kabisa.

Kuna ndugu yake, uozo wa majana wa Kiulaya, unaoletwa na *Melissococcus plutonius*. (Siyo Ulaya yetu ile ya barabara ya Mikumi kwenda Kilosa! Majina haya yalitokana na mahali magonjwa yalikochunguzwa mwanzoni, wala hayaoneshi asili ya ugonjwa.) Huu huua majana mapema, kabla kijumba hakijafunikwa. Unayaona yamejipinda vibaya, yamegeuka manjano kisha kahawia, na uzi wa mlenda kwa kawaida haupatikani.

Halafu kuna varoa, utitiri mwekundu wa kahawia wenye upana wa milimita moja na nusu hivi. Unamng'ang'ania nyuki na kuzaliana ndani ya vijumba vya majana, huku ukisambaza virusi, vikiwemo vinavyowafanya nyuki wazaliwe na mabawa yaliyokunjamana. Kumpima ni rahisi: chukua nyuki kama 300 kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, wamwagie sukari laini ya unga, tikisa, kisha pukuta juu ya karatasi nyeupe. Sukari inawalegeza utitiri, wanaanguka, unawahesabu.

Varoa asili yake ni Asia. Aligundulika Afrika Kusini mwaka 1997. Mwaka 2010 wanasayansi walichapisha taarifa kuwa ameonekana Afrika Mashariki, na mwaka 2014 watafiti wa Tanzania walichapisha matokeo yanayoonesha yupo kwenye makundi ya nyuki nchini. Kwa maneno mengine, alishaingia ndipo tukamwona.

Kwa nini wanachoma moto?

Turudi kwenye mlenda. Ukithibitika, huko Uingereza mkaguzi hatoi dawa. Jioni, nyuki wote wakisharudi nyumbani, kundi linauawa, shimo linachimbwa, na masega, asali na nyuki vinachomwa humo kisha kufukiwa. Wafugaji wengi hulia siku hiyo. Sasa kwa nini ukatili huo, wakati bakteria anatibika kwa kiuavijasumu?

Jibu liko kwenye spora. Bakteria huyu akimaliza chakula ndani ya jana lililokufa, anajifungia kwenye ganda gumu na kulala. Ganda hilo ndilo spora. Jana moja lililokufa linaweza kuacha spora zaidi ya bilioni moja, wakati spora kama kumi tu zinatosha kuliambukiza jana lenye umri usiofika siku moja. Spora hazijali jua, ukame wala baridi, na zinaweza kukaa zaidi ya miaka 35 zikiwa bado hai. Mzinga aliouacha babu unaweza kumwambukiza nyuki wa mjukuu.

Kiuavijasumu kinaua bakteria aliye macho. Spora hakiigusi. Kwa hiyo mfugaji anayenunua oksitetrasaiklini kwenye duka la dawa za mifugo na kuichanganya na maji ya sukari anaondoa dalili tu. Sega linaonekana zuri, mkaguzi akipita haoni kitu, na ugonjwa unaendelea kusafiri kimyakimya. Juu ya hayo, dawa inabaki kwenye asali. Asali ya Tanzania inauzwa hadi Umoja wa Ulaya, na huko mabaki ya viuavijasumu ni sababu tosha ya mzigo kukataliwa. Mtu mmoja akiwatibu nyuki wake kwa siri anaweza kuwaharibia soko watu ambao hata hawajui anaishi wapi.

Njia hiyo ya kukagua, kuthibitisha, kuzuia mizinga isihamishwe na kuchoma imefanya kazi. Uingereza imekuwa na amri ya kisheria ya ukaguzi na uteketezaji tangu 1942, na kwa miongo mingi visa vya ugonjwa huu vimeshuka sana.

Lakini Mikumi siyo Uingereza

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo. Ukisoma vitabu vya kigeni utahitimisha kwamba Kilosa inahitaji wakaguzi wengi, viberiti na mashimo. Sidhani kama ni rahisi hivyo.

Hesabu ya Uingereza inategemea jambo moja: nyuki wengi wana mwenyewe, na mizinga ina anwani. Ukichoma yenye ugonjwa na kufuatilia ya jirani, umeufikia karibu wote. Sasa simama Mikumi mjini, tazama upande wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilometa za mraba 3,230. Humo huruhusiwi kutundika mzinga, ila nyuki hawajasoma bango. Wamo kwenye mapango ya mibuyu, kwenye mashimo ya miti ya miombo, kwenye vichuguu vilivyohamwa na mchwa. Hawana mwenyewe, hawana namba, na wanaruka nje kutafuta maua kwenye mashamba na misitu ya vijiji, kisha wanarudi.

Ugonjwa wa spora ukiingia kwenye makundi hayo, nani atachoma? Mbuyu upi? Wilaya ya Kilosa peke yake inazidi kilometa za mraba 12,000, ikiwa na milima ya Rubeho na Ukaguru na misitu ya vijiji chungu nzima. Mkaguzi hata angepewa pikipiki mpya na mafuta ya mwaka mzima, hawezi kupanda kila mti.

Ndiyo maana nasema kazi ya mkaguzi wa huku haifanani na ya mwenzake wa Uingereza. Yule anaweza kuufukuza ugonjwa ukishaingia. Huyu wetu, kwa magonjwa ya aina hii, ana nafasi moja tu: mlangoni, kabla haujaingia porini.

Si hadithi ya kutisha watoto. Afrika Kusini walikuwa na sheria inayotaka asali yote inayoingia nchini ipigwe mionzi ili kuua spora. Sheria nzuri kabisa. Hata hivyo mwaka 2009 uozo wa majana wa Kimarekani uligundulika katika jimbo la Western Cape, na nyuki wao ni wa Kiafrika kama hawa wetu. Bara letu halina kinga ya kijiografia, na nyuki wetu, pamoja na ukali wao wote, hawana kinga kamili.

Tuwe waadilifu, kuna habari njema pia. Watafiti walipopima nyuki katika maeneo 24 ya Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walimkuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini hawakuona kwamba makundi yenye varoa yalikuwa madogo kuliko mengine. Nyuki wetu wanamvumilia. Hata tabia ya kuhama inasaidia: kundi linaloacha masega machafu linaacha na sehemu kubwa ya vimelea. Ila spora zinabaki kwenye masega hayo, na asali iliyobaki humo inaita majirani. Nyuki wa mzinga mwingine wanakuja kuiba, wanabeba asali, wanabeba na ugonjwa.

Mlango uko wapi?

Nyuki mwenyewe akitafuta maua hasafiri mbali, kwa kawaida ni kilometa chache. Anayesafirisha ugonjwa mamia ya kilometa ni mimi na wewe. Na Mikumi iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Kila kitu kinapita hapo.

Vitu vinne vinastahili jicho la mkaguzi kuliko vingine. Cha kwanza ni mizinga iliyokwishatumika, hasa inayotoka mkoa mwingine au inayogawiwa na mradi. Mzinga mpya wa mbao hauna historia. Uliotumika unayo. Cha pili ni nta na masega ya zamani yanayopakwa kwenye mizinga ili kuvutia nyuki. Nta inaweza kubeba spora. Cha tatu ni makundi ya nyuki na malkia wanaouzwa au kuletwa toka nje. Cha nne, ambacho watu hawakifikirii, ni asali ya dukani inayotumika kuwalisha nyuki wakati wa njaa, au chupa ya asali ya kigeni iliyotupwa jalalani bila kuoshwa. Kwa binadamu spora hizo hazina madhara. Kwa jana la siku moja ni kifo.

Mlango huu unafunguka pande zote mbili. Kuna mbawakawa mdogo mweusi, *Aethina tumida*, ambaye wafugaji wa huku wanamwona kama kero ya kawaida. Nyuki wetu wanamkimbiza, na imeonekana kwamba nyuki wa Afrika Kusini humfungia pembeni kwa ukuta wa gundi yao mpaka achoke. Mdudu huyo alitambuliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, akafika Australia mwaka 2002 na Italia mwaka 2014. Kule nyuki hawamjui, na Italia wakaguzi waliteketeza mizinga kwa ajili yake. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limemweka kwenye orodha ya matatizo sita ya nyuki yanayopaswa kutolewa taarifa, pamoja na varoa na uozo wa majana wa aina zote mbili. Kero ya Kilosa imekuwa msiba wa Calabria. Tukitaka wenzetu watulinde, na sisi tuwalinde.

Simu ambayo haipigwi

Mkaguzi mmoja hawezi kulinda mlango mpana hivi. Anahitaji macho ya wafugaji. Na hapa kuna swali ambalo wanasayansi huwa tunalipita haraka.

Chukulia wewe ni mfugaji wa Ruhembe una mizinga kumi. Mmoja una harufu mbaya na majana ya kahawia. Ukimpigia afisa nyuki, anaweza kuja na kusema uchomwe, na kwamba ile tisa mingine usiihamishe wala usiuze nta yake mpaka majibu yatoke. Umepoteza mzinga, nta na msimu. Usipopiga, hakuna atakayejua. Utasema tu wamehama. Wewe ungefanyaje? Sema kweli.

Uingereza wafugaji wenyewe walianzisha bima ya magonjwa ya nyuki: wanachangia kidogo, na mwenye mizinga iliyoteketezwa kwa amri ya mkaguzi analipwa sehemu ya hasara ya vifaa vyake. Siyo hisani. Ni bei ya kupata taarifa mapema. Vikundi vya wafugaji nyuki vya Kilosa vinavyokopeshana fedha na kutunza mfuko wa misiba vinaelewa wazo hili bila kufundishwa na mtu. Mfuko wa kumfidia mwenzenu mzinga mmoja au miwili ni mdogo kuliko hasara ya kijiji kizima.

Na zile meza mbili za serikali nazo zikutane. Morogoro mjini, kama kilometa 120 kutoka Mikumi, kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo chenye wataalamu wa tiba ya wanyama. Arusha kuna kituo cha Njiro cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, kinachofanya utafiti wa nyuki. Ujuzi upo nchini. Kinachotakiwa ni njia fupi na inayojulikana ya kipande cha sega kutoka mtini hadi kwenye darubini, na jibu lirudi kabla ya msimu mwingine wa kurina. Mfugaji akipiga simu mara moja asijibiwe, hapigi tena.

Wewe ufanye nini?

Ukiwa mfugaji, au una mjomba mwenye mizinga Kisanga, Zombo au Kidodi, anza na haya. Siku ya kurina usiangalie asali peke yake. Angalia na majana. Ukikuta mzinga umehamwa na masega yapo, usiuache wazi kwa wiki nzima ukawa sebule ya wezi. Ufunge. Kata kipande cha sega la majana, ukubwa wa kiganja, kifunge kwenye karatasi na siyo mfuko wa nailoni, maana ndani ya nailoni linaota ukungu na maabara haitaona kitu. Andika tarehe, kijiji na namba ya simu. Kisha mpigie afisa nyuki. Na oksitetrasaiklini iache kwa ng'ombe.

Ukiwa mwanafunzi unayetafuta mada ya utafiti, hii hapa: hesabu mizinga iliyohamwa katika kijiji kimoja kwa mwaka mmoja, na kwa kila mmoja jibu swali moja. Walihama kwa nini?

Huenda katika mizinga mia utakuta siafu, nyegere, moto na njaa, na ugonjwa usiwepo hata mmoja. Hayo yatakuwa majibu mazuri kuliko yote, na safari hii yatakuwa yamekaguliwa.